Tundu Upande wa Kushoto

Nina vidole saba. Kulia vitano, kushoto viwili: gumba na kile kinachofuata. Vitatu vilivyobaki vilikwenda na mashine ya kumenyea kahawa ya nyumbani kwetu Nkoaranga nikiwa na miaka tisa. Siisemi habari hii ili nionewe huruma. Naisema kwa sababu bila kuijua hutaelewa kwa nini mwanamke wa umri wangu, mwenye duka na wajukuu wawili, aligombana na kaka yake wiki nzima kwa ajili ya tundu kwenye bati.

Tangu siku ile watu wamekuwa wakinishikia vitu. Kanisani mtu ananishikia kitabu cha nyimbo. Harusini ananishikia sahani. Nilipokwenda kusoma ufundi wa redio, mwenzangu wa dawati alikuwa ananishikia waya ambao sikutaka ushikwe. "Ngoja nikushikie," wanasema, na wanasema kwa wema kabisa. Wema huo ndio unaonikera, maana mtu mwema huwezi kumtukana ukaeleweka. Nimefungua redio na simu za watu kwa zaidi ya miaka ishirini katika duka langu la Moshono, kwa koleo, kibanio cha mbao nilichojichongea mwenyewe, na vidole hivi hivi saba. Hakuna redio iliyowahi kulalamika.

Kuruka nilijifunza kwa ajili ya hizo redio. Rubani mmoja mzee alikuwa akiniletea redio za ndege yake, na siku moja akaniuliza kama nimewahi kukaa ndani ya hicho ninachokitengeneza. Nikasema bado. Ikachukua miaka sita, saa moja mwezi huu, saa moja mwezi ule, mpaka nikapata leseni. Daktari wa marubani aliugeuzageuza mkono wangu, akanipa mpira niukamue, akanipitisha. Mkono wa kulia unashika usukani, vidole viwili vya kushoto vinasukuma na kuvuta leva ya mafuta, na ndege haijui tofauti.

Kitu kimoja tu kilinishinda: ramani. Mwenye vidole kumi anaachia leva kidogo, anaikunja ramani juu ya paja kwa mkono wa kushoto, anaendelea na safari. Mimi nikijaribu, ramani inaishia miguuni. Kwa hiyo miaka yote hiyo, kila niliporuka, kulikuwa na mtu kiti cha pembeni. Unajua alikuwa anafanya nini.

Ndege tuliiunda wenyewe. Kaka yangu ni mwalimu mstaafu, alifundisha jiografia Moshono miaka thelathini, na sasa ni mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa kwenye kihamba, shamba la familia tulikozaliwa. Mkulima mmoja wa kigeni alipofunga shamba lake na kurudi kwao, alimwachia makreti sita yenye vipande vya ndege ya watu wawili, ya alumini, ya kujiundia nyumbani. Makreti yalikaa kwenye banda la kahawa miaka mingi, kuku wakitagia juu yake. Nilipopata leseni kaka akayafungua. Tukaunda kwa miaka minne, Jumamosi baada ya Jumamosi. Kaka alisoma kitabu cha maelekezo kwa sauti ileile anayosomea neno kanisani. Mimi nilishughulika na umeme. Mabati aliyakata fundi bati wa Moshono, rafiki yake kaka wa siku nyingi, mtu wa ukoo wa Tanga aliyetumia maisha yake kutengeneza mifereji ya mvua na masanduku ya wanafunzi. Alipoiona kazi mara ya kwanza alizunguka makreti yote, akasema, "Mwalimu, hili ni sanduku tu lenye mabawa." Tangu siku hiyo nilimwamini.

Sasa, ndege ya kujiundia ina sharti lake. Safari za kwanza ni za majaribio, na rubani anatakiwa awe peke yake ndani. Tena ukipewa eneo la kufanyia majaribio, kwetu ilikuwa tambarare kusini mwa mji, hutakiwi kutoka nje ya mipaka yake, kwa hiyo lazima kila wakati ujue uko wapi. Kaka alilifahamu sharti hilo kabla yangu, na alikuwa ameshazungumza na kijana mmoja rubani wa mjini aje aturushie. Aliniambia habari hiyo tukiwa tunakunywa chai, kama mtu anayesema mvua itanyesha jioni.

"Halafu wewe utaruka baadaye," akasema. "Tukishapata mtu wa kukaa nawe."

Miaka minne nimepitisha kila waya wa ndege ile kwa mkono wangu. Niliweka kikombe chini nikaondoka bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata nikarudi na GPS. Ilikuwa ile ya zamani ya mkononi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kuogea, niliyopewa na dereva mmoja wa watalii aliyehamia kwenye simu. Niliibadilisha betri, nikaisafisha, nikaona inaonyesha kila kitu ninachohitaji: nilipo, ninakoelekea, mwendo na mpaka. Kaka akaitazama. "Hiyo ni ya mkononi," akasema. Nikamwambia kwamba mkono wangu una kazi nyingine, hiyo itakaa kwenye dashibodi.

Tulikubaliana kwa shida, kisha tukabishana kuhusu mahali. Dashibodi ya ndege ndogo ni bati lisilozidi urefu wa meza ya shule, na saa za mwendo, za kimo na za injini zimeshalijaza. Palibaki sehemu mbili. Moja ilikuwa katikati, chini ya dira, ambako mtu wa kiti cha kulia angeiona na kuibonyeza. Nyingine ilikuwa kushoto kabisa, karibu na leva ya mafuta, ambako vidole vyangu viwili vinafika bila kujinyoosha. Kaka alichukua penseli na rula, akachora mstatili katikati, safi, wa mwalimu. "Ili msaidizi naye aone," akasema, akaenda kwenye kikao cha wazee wa kanisa.

Nililowesha kidole mate nikaufuta.

Fundi bati alikuwa anaona. Hakuniuliza kitu. Nilimkatia kiolezo cha boksi, nikakibandika kushoto, nikakaa kwenye kiti, nikafunga mkanda, nikafumba macho nikanyoosha vidole. Nilikosa kidogo. Tukashusha kiolezo. Mara ya nne vidole vilitua pale pale panapotakiwa. "Hapo?" akauliza. Nikasema hapo. Akagonga alama kwa msumari, akatoboa vitundu vidogovidogo kuzunguka mstari kwa drili, akakikata kipande cha katikati, kisha akaanza kusaga kingo kwa tupa, taratibu, anapuliza unga wa alumini, anapima, anasaga tena. Nyuma ya tundu akaunda kijisanduku cha alumini chenye mdomo wa kupitishia waya wa chaji. Ndani nikabandika sponji ya godoro ili mtetemo wa injini usiisumbue. Mbele akaweka ulimi wa bati wa kubana, unaofunguka kwa kidole kimoja. Skrubu zote za shaba, kwa sababu chuma karibu na dira ni balaa, na hilo alilijua kabla sijamwambia.

Ilikaa vizuri mno. Nilipenda jinsi ilivyokaa, na sioni haya kusema kwamba nililia kidogo, nikajifanya ni unga wa bati.

Kaka aliporudi alisimama mbele ya dashibodi kwa muda mrefu. Bati likishakatwa limekatwa, halina kurudi, na alijua hivyo. "Nani kakwambia ukate hapo?"

"Mimi."

"Nilichora."

"Nilifuta."

Alimtazama fundi bati kana kwamba angepata msaada huko. Fundi akajishughulisha na kufuta tupa yake.

Jumamosi iliyofuata tukafanya ukaguzi wa dira. Ukiongeza kifaa chochote cha umeme kwenye dashibodi, lazima uhakikishe hakijaivuta dira, halafu mjenzi aliyeandikishwa, yaani kaka, anatia sahihi kwenye karatasi ya vipimo. Mkaguzi alikuwa anakuja Alhamisi. Tulilisukuma boma la ndege, yaani kiwiliwili chake, bado halina mabawa, mpaka kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, tukaligeuza mpaka pua ikatazama kilele cha Mlima Meru. Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi kabisa, mweusi, kila korongo linaonekana. "Kaskazini," akasema kaka, akaingiza kichwa ndani kusoma dira.

"Nyuzi thelathini," akasema.

"Thelathini nini?"

"Imepotoka nyuzi thelathini. Inasema tumeelekea kaskazini-magharibi." Akatoa kichwa, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho nakijua tangu utotoni, uso wa mtu aliyekuonya ukakataa. "GPS yako imeharibu dira."

Nikafungua ule ulimi, nikaichomoa GPS, nikaipeleka mpaka kwenye mlango wa jiko la wifi yangu, hatua hamsini. Nikarudi. Dira haikusogea hata kidogo.

"Basi ni skrubu," akasema kaka.

"Za shaba," akasema fundi, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Mwalimu, nimekaa na bati miaka arobaini, usinifundishe chuma."

"Basi ni ribiti. Ribiti zina pini ya chuma ndani." Hazikuwa nazo. Tukazikagua zote kwa sumaku, moja moja. "Basi," akasema kaka, na hapo nilitaka kucheka na kumpiga kwa wakati mmoja, "ni hilo tundu lenyewe. Limevuruga bati." Akatoa uamuzi. GPS inaondolewa, kijisanduku kinaondolewa, Jumanne fundi anakuja na kiraka anaziba tundu, na kijana wa mjini anarusha ndege kama ilivyopangwa.

Sasa nikiri jambo. Siku ile hata mimi niliamini kwamba dira imekosea. Mimi rubani, niliyesoma ramani ya mlima huo na kuuzunguka angani! Lakini pale uwanjani nilipojifunzia kutembea sikuwa rubani. Kwetu hakuna kaskazini. Kuna juu na kuna chini. Juu ni mlimani, chini ni barabarani, na mtu akikuelekeza nyumba anakwambia panda au shuka. Kaskazini tulikutana nayo darasani, na mwalimu wetu wa utotoni alisema mlima uko kaskazini mwa mji, tukaandika, tukapata vema. Baadaye wote watatu, mimi, kaka na fundi, tukaishi Moshono, ambako kweli ukiutazama mlima unatazama kaskazini. Kwa hiyo nilipombishia kaka sikuwa na hoja yoyote. Nilikuwa na ubishi tu. Nilijua kwamba tundu langu halina kosa, na sikujua ni kwa nini.

Jumatatu nikafunga duka, nikapanda Nkoaranga. Sikuweza kukaa. Niliichukua GPS mkononi, nikatoka uwanjani, nikafuata njia ya miguu inayopanda kati ya migomba, uso umeelekea kilele, natembea kwa haraka kama mtu mwenye deni la kanisa. Njia ni kali, nilikuwa nahema. Baada ya hatua mia mbili nikaangalia kioo. Kilisema naelekea nyuzi mia tatu na thelathini, yaani thelathini pungufu ya kaskazini.

Nilisimama hapo njiani, mama mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe akanipita akisema pole. Vifaa viwili, kimoja kinavutwa na dunia na kingine kinasikiliza setilaiti, havijuani, na vyote viwili vilikuwa vinasema kitu kilekile. Waliokuwa wanabisha ni watu watatu. Nikafikiria mji ulipo, nikafikiria Nkoaranga ilipo, jinsi tunavyokwenda mashariki kwanza kisha ndiyo tunapanda, na mlima ukazunguka kichwani mwangu ukakaa mahali pake. Hauko kaskazini kwetu. Kwetu uko pembeni. Nilijisikia mjinga, halafu nikajisikia furaha, halafu nikashuka mbio kumwambia kaka.

"Kifaa kibovu," akasema, "kinautetea ubovu wake."

"Na dira?"

"Dira mmeshaiharibu."

"Kaka, mlima hauko kaskazini."

Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Mdogo wangu, nimefundisha jiografia miaka thelathini. Kila mwaka, mwezi wa kwanza, nimesimika mti uwanjani, tumepima kivuli cha mchana na watoto, na kila mwaka kivuli kimeelekea mlimani. Sikukisoma kitabuni tu. Nimepima."

Na alikuwa amepima kweli. Ila alipima Moshono.

"Basi tupime hapa," nikasema. "Mwezi ni huu huu. Kesho. Kivuli kikielekea mlimani, fundi azibe tundu, na mimi sitatia neno tena."

Hakuweza kukataa, maana kukataa ingekuwa kuikataa kazi yake mwenyewe.

Jumanne fundi bati alifika na kiraka chake kimekatwa tayari, kimefungwa kwenye gazeti. Nilimwamkia, "Shikamoo fundi," akaitika, "Marahaba dada," bila kunitazama usoni. Kaka akasimika mti katikati ya uwanja wa kahawa, akaunyoosha kwa timazi, na saa tano akafunga kamba kwenye mti, akachora duara linalopita kwenye ncha ya kivuli. Akaweka kijiwe hapo. Kivuli kingefupika, kisha kingerefuka tena mpaka kiguse duara upande wa pili, na katikati ya vijiwe viwili ndiyo mstari wa kaskazini. Alifanya yote hayo kwa adabu, bila kuharakisha, na nilimpenda kwa hilo ingawa nilikuwa na hasira. Kisha tukakaa kwenye kizingiti cha banda. Jua lilikuwa kali. Wifi yangu alituletea ndizi na maziwa ya mgando, akatutazama, akarudi zake jikoni.

Ilipofika saa sita na zaidi, fundi aliinuka akaenda kuchuchumaa karibu na mti. Nilidhani anakagua duara. "Adhuhuri inaingia kivuli kikifika mwisho wa kufupika na kuanza kurudi," akatuambia, bila kugeuka. "Marehemu baba alikuwa haangalii saa, anaangalia hiki." Alikuwa ameweka njiti kwenye ncha ya kivuli, kila baada ya muda anaweka nyingine. Nikaona ameacha kuweka. Alikuwa anakitazama kivuli, anaangalia mlimani, anakitazama kivuli tena.

Kivuli kilikuwa kifupi kabisa, na hakikuelekea kilele. Kilielekea kulia, kwenye migomba ya jirani, mbali na mlima.

Hapo ndipo nikakumbuka jambo nililoliona kila Jumamosi kwa miaka minne bila kulifikiria. Adhuhuri ikiingia, fundi alikuwa anatandika mkeka wake pale pale uwanjani, uso wake kwenye kilele. Moshono, msikitini mwao, ukisimama kwenye safu, mlima uko mbele yako, kwa kuwa kibla huku kwetu ni kaskazini, kulia kidogo. Na siku ya kwanza alipokuja Nkoaranga alikuwa ameuliza, mgeni mwenye adabu: "Mwalimu, kaskazini wapi hapa?" Kaka alikuwa amenyoosha mkono akamwonyesha mlima.

Kaka naye alikumbuka. Nilimwona anakumbuka.

Fundi aliinuka polepole, akajipangusa magoti. Ni mtu wa utani, na nilidhani atafanya utani, lakini hakufanya. Alisema, "Swala nilizokwisha kuswali, niliziswali kwa kujitahidi. Mungu anajua. Lakini sasa nimeona." Akatawadha kwenye bomba, akauchukua mkeka wake kwenye kamba ya nguo, akautandika kufuata kivuli, kulia kidogo. Akasimama, mlima mzima ukiwa kushoto kwake. Kisha akaanza.

Kaka alivua kofia. Alisubiri mpaka fundi alipomaliza na kukunja mkeka. Akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuonyesha vibaya."

"Mwalimu, wewe ulinionyesha ulichokuwa unakijua," akasema fundi.

Hata hivyo tulisubiri. Kaka asingekubali vinginevyo, na mimi pia nisingetaka. Saa nane na nusu kivuli kikagusa duara. Kaka akatia kijiwe cha pili, akagawa katikati kwa kamba, akalala kifudifudi chini uwanjani na kipimapembe chake cha ubaoni, mzee wa kanisa mwenye suruali ya kitambaa, akapima kutoka kwenye mstari mpaka kilele. Akapima mara mbili. "Thelathini," akasema, akiwa bado amelala. "Pungufu kidogo."

Tukaligeuza boma la ndege mpaka pua ikafuata kamba. Dira ikasema kaskazini. Nikairudisha GPS kwenye tundu lake, nikabana ulimi, nikawasha. Dira ikaendelea kusema kaskazini. Kaka akatoa kalamu, akajaza vipimo pande zote nane, akatia sahihi. Kiraka cha fundi kilibaki juu ya kizingiti ndani ya gazeti, na wifi yangu akakiomba akafunikie pipa.

Kwangu mimi hakuomba msamaha. Alimwomba fundi, mimi hapana, na mpaka leo hajaniomba. Alisema tu, "Kijana wa mjini nitamwambia asije." Watu wananiambia hayo ndiyo maombi ya msamaha ya kaka zetu, niridhike. Sikuridhika. Nilitaka aseme, na nilimwambia nilitaka aseme, na akaenda kukamua ng'ombe. Nampenda kaka yangu, na kipande cha hasira ile bado ninacho, wala sina mpango wa kukitupa.

Mkaguzi alikuja Alhamisi, kijana mwenye shati jeupe aliyesema "Shikamoo mama" kabla hajasema lolote. Alipekua kila kitu. Alipofika kwenye dashibodi akapitisha kidole kwenye kingo za tundu, akauliza nani amesaga, fundi akajitazama viatu. Kisha akauona mkono wangu. Nilikuwa nikisubiri auone.

"Mama, na nani atakuwa anakusaidia kushika hii?"

"Imeshashikwa," nikasema. "Na bati."

Hakucheka. Aliniambia nikae, nifunge mkanda, nifumbe macho, nishike kila atakachotaja. Leva ya mafuta. Swichi ya redio. Bomba la petroli. GPS, kitufe cha juu. Kitufe cha chini. Itoe. Irudishe. Alinirudisha kwenye GPS mara tano, nikajua anachotafuta, nikamwacha atafute. Mwishoni aliacha kutaja, nikafumbua macho nikamwona anaandika. Kwenye nafasi ya rubani wa majaribio alikuwa ameandika jina langu.

Tulilishusha boma na mabawa kwa lori mpaka kwenye kiwanja kidogo cha vumbi kule tambarare, na ikatuchukua siku mbili kuyafunga na kukagua tulichofunga. Asubuhi ya tatu hakukuwa na upepo. Fundi alikuja na kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Kaka alivaa tai. Alizunguka ndege, akavuta hiki na kile, akafika mlango wa kulia, akaufungua. Alitazama kile kiti. Nilimwona anataka kusema ile sentensi. Iko mdomoni mwa kila mtu anayenipenda, nimeisikia miaka arobaini na zaidi, na yeye ndiye aliyeisema kwanza, siku niliyorudi kutoka hospitali na bandeji. Aliufunga mkanda wa kiti kile juu ya kiti kitupu, akaubana sana ili usichezecheze angani, akaufunga mlango. Akarudi nyuma mpaka kwenye majani.

Niliwasha injini. Nikapapasa kitufe cha juu kwa kidole, kioo kikawaka, kikanionyesha nilipo. Nikaita redioni kuomba kuondoka. Msimamizi wa kiwanja alikuwa ameniona nikija na wanaume wawili, na kutoka kibandani kwake hakuweza kuona vizuri ndani kwa sababu ya vumbi.

"Nimekupata," akasema. "Rubani ni nani, na mko wangapi ndani?"

"Rubani ni mimi," nikasema. "Hakuna mwingine."